Asili ya neno si udhuru wa kuvunja heshima

Leo tuutazame udhuru ambao hutolewa na watu wengi wanapokemewa kwa kumwita mwenzao jina baya. Husema: "Kwani nimetukana? Neno hili asili yake ni hivi na hivi, wala halina ubaya wowote."

Tuupime udhuru huo kwa lugha ya Kihispania. Lugha hiyo ina hazina kubwa ya majina ya mitaani ya kuwaitia wageni, na wanazuoni wa kamusi wameyachunguza mengi kati yake. Isitoshe, kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu ya Hispania kwa karne nyingi, baadhi ya majina hayo walibandikwa wao, na mengine yametoka katika lugha yao.

Lijulikanalo zaidi ni gringo, ambalo huko Mexico na nchi jirani huitwa mgeni, hasa Mmarekani. Wapo wanaosimulia kuwa lilizaliwa katika vita vya Marekani na Mexico vya mwaka 1846 hadi 1848, kutokana na wimbo wa askari au rangi ya sare zao. Hadithi hiyo haisimami. Kamusi ya padri Esteban de Terreros, iliyochapishwa mwaka 1787, ilikwisha kulieleza neno hilo: huko Málaga waliitwa hivyo wageni ambao lafudhi yao iliwazuia kusema Kihispania kwa ufasaha, na huko Madrid waliitwa hivyo hasa watu wa Ireland. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye griego, yaani Mgiriki, kwa kuwa Mhispania asiyeelewa asemalo mtu hudai kwamba anasema Kigiriki.

Gabacho, jina ambalo Wahispania humwitia Mfaransa na Wamexico wakamhamishia Mmarekani, limetoka katika lugha ya kusini mwa Ufaransa, na maana yake ya awali ni mtu asemaye vibaya.

Hapa, ndugu msomaji, tunaona jambo la kuzingatia. Kosa la kwanza la mgeni ni ulimi wake. Waarabu nao walimwita asiyesema Kiarabu ajami, na kutokana na neno hilo sisi tukapata jina la Uajemi. Huko Andalusia Waislamu waliita lugha ya Wakristo al-ajamiyya, ambayo kwa Kihispania ikawa aljamía. Wakristo nao walilichukua neno al-arabiyya, lugha ya Kiarabu yenyewe, wakalifanya algarabía, na hadi leo maana yake ni makelele yasiyoeleweka. Kila upande ulisikia maneno ya jirani yake kuwa ni vurugu.

Tulitazame sasa neno moro. Asili yake haina lawama: ni Kilatini, na lilimaanisha mtu wa Mauretania, jimbo la Warumi lililokuwa katika Moroko na Aljeria za leo. Lakini baada ya Waislamu kuingia Hispania mwaka 711 neno hilo likawa jina la kila Mwislamu. Granada ilipoanguka mwaka 1492, Waislamu waliobaki wakalazimishwa kubatizwa, na hata baada ya ubatizo waliitwa moriscos, jina lililozaliwa na lile lile moro. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wapatao laki tatu wakafukuzwa. Walikuwa wamezaliwa hapo, na baba zao na babu zao pia. Jina liliwafanya wageni kwanza, kisha ndipo amri ya mfalme ikawatoa.

Wala halikuishia hapo. Mwezi Februari mwaka 2000, katika mji wa El Ejido, kusini mwa Hispania, msichana mmoja aliuawa, na aliyetuhumiwa alikuwa Mmoroko mwenye maradhi ya akili. Kwa siku kadhaa makundi ya watu yaliwashambulia vibarua wa Kimoroko waliokuwa wakilima mboga katika mashamba ya eneo hilo, wakaharibu nyumba na maduka yao. Mtu mmoja alituhumiwa, na watu wote wanaoitwa kwa jina lile wakaadhibiwa. Hiyo ndiyo kazi ya jina la dharau: huwafuta watu mmoja mmoja na kubakisha kundi tu.

Zingatia pia kwamba majina haya hayana uzito mmoja. Mtalii wa Ulaya ya Kaskazini huitwa guiri. Kamusi zinasema kuwa jina hilo limetokana na matamshi ya Kibasque ya jina walilopewa wafuasi wa Malkia Cristina katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19. Mtalii huyo hulisikia akacheka, kwani ana fedha mfukoni na tiketi ya kurudi kwao. Sudaca nalo ni ufupisho tu wa neno lenye maana ya mtu wa Amerika ya Kusini, lakini huambiwa mhamiaji anayetafuta chumba cha kupanga au kazi ya kufagia, na yeye hacheki. Neno humuumiza zaidi yule asiye na mahali pa kukimbilia.

Na sisi wa Pwani ya Afrika Mashariki tusijitoe. Kihispania kina neno cafre, lenye maana ya mtu katili asiye na ustaarabu. Limepitia kwa Wareno, na asili yake ni neno la Kiarabu kafir. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakawakuta Waislamu wakiwaita hivyo watu weusi wasiokuwa Waislamu. Wakalichukua, wakalivua maana yake ya kidini, wakalifanya jina la rangi ya ngozi. Ndilo lililofika Afrika Kusini likawa tusi zito la wakati wa ubaguzi, ambalo leo mwenye kumtupia mwenzake huweza kufikishwa mahakamani. Neno hilo lina mahali pake katika elimu ya itikadi. Kumrushia jirani sokoni ni jambo jingine kabisa.

Mafundisho ya dini yetu yamekwisha kuujibu udhuru tulioanza nao. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya. Haikusema kwanza itazamwe asili ya lakabu. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa sahaba Abu Dharr alimvunjia mtu heshima kwa kumtaja mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Alichokitaja kilikuwa kweli tupu, lakini Mtume (S.A.W.) alimkemea na kumjulisha kwamba bado alikuwa na chembe ya ujahiliya. Basi ikiwa ukweli haukuwa udhuru kwa sahaba, itakuwaje kamusi iwe udhuru kwetu?

Huenda mtu akasema kuwa wapo wanaojivunia majina hayo. Ni kweli. Wahispania walipofika Ufilipino katika karne ya 16 waliwaita Waislamu wa huko moro, ilhali hawakuwa na nasaba yoyote na Moroko. Baada ya karne nyingi Waislamu hao wenyewe wamelishika jina hilo, na tangu mwaka 2019 eneo lao lenye mamlaka ya ndani linaitwa Bangsamoro, yaani taifa la Wamoro. Lakini uamuzi huo ulikuwa haki yao. Aliyepachikwa jina anaweza kulivaa akipenda, na aliyempachika hawezi kumlazimisha alipende.

Basi mgeni akifika mtaani kwako, muulize anaitwa nani, umwite hivyo. Na akikwambia kuwa jina fulani linamuumiza, usimfungulie kamusi. Liache.