Kura ni Ushahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, hapa Mara, mvuvi wa Musoma na mkulima wa pamba wa Bunda au Butiama hupokea fedha zao kwa simu. Ndipo vijana wetu hutuuliza: ikiwa simu imeaminiwa fedha, kwa nini isiaminiwe kura?

Swali hilo lina uzito. Estonia ilianza kupiga kura kwa intaneti mwaka 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa kwa njia hiyo. Mwaka huo huo wananchi wa Oman, wakiwamo ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili, waliwachagua wajumbe wa Baraza la Shura kwa programu ya simu. Lakini Norwei iliijaribu mwaka 2011 na 2013, kisha ikaiacha. Nayo Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwaka 2009, ilizikataa mashine za kura zilizokwisha kutumika, kwa kuwa raia asiye na elimu ya mitambo hakuweza kuhakiki hatua za msingi za uchaguzi.

Hoja hii ya mwisho tunaiona karibu na mafundisho yetu. Suratul-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Seuze uongozi wa umma? Fedha ikipotea, mwenyewe huona salio limepungua, akadai. Kura ni siri. Ikibadilishwa njiani, nani atadai? Kituoni karatasi huhesabiwa mbele ya mawakala, na hata asiyejua kusoma huelewa kinachotendeka.

Tena Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini mwetu. Kura ipitayo njia hiyo imo mikononi mwa mwenye ufunguo.

Hatusemi kwamba karatasi imetakasika. Sanduku nalo hufanyiwa hiana, na mwenye kughushi hahitaji mtambo. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, nayo yamhusu msimamizi, wakala na mpiga kura sawia. Kwa hiyo chombo chochote kitakacholetwa, tuulize kwanza: je, mama wa Bunda ataweza kushuhudia kwamba kura imehesabiwa kwa haki? Asipoweza, tusubiri.

Wabillahi tawfiq.