Tuache kuuza hom thieta kwa mngurumo, tuuze kwa maneno

Wadau, leo nasema na sisi tunaouza redio, sabufa na hom thieta mtandaoni.

Pitia kurasa zetu, video ni zilezile: muziki mzito, sabufa inatingisha meza, chini imeandikwa wati 10,000. Inavutia, sikatai. Ila mteja akifika nayo nyumbani anaangalia nini? Taarifa ya habari, mpira, tamthilia, muvi zilizotafsiriwa. Hayo yote ni maneno. Na kwenye hom thieta ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno mengi yanatokea spika ya katikati. Ikiwa mbovu, mlipuko anausikia ila anachosema steringi hakielewi. Akiongeza sauti watoto wanaamka, akipunguza hasikii kitu. Mwisho anasema umemuuzia feki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kagua spika ya katikati kwanza, sabufa baadaye. Huku Madaba mteja wa Wino au Mahanje ananunua akishauza mahindi. Hela hiyo ikipotea, anasubiri msimu mwingine. Na wewe mzigo ukirudishwa, nauli ya basi imekula faida yako.

Mambo ya kuangalia kabla hujaposti:

1. Wati. Namba kubwa ya PMPO ni pambo la boksi. Tafuta RMS. Kama haipo, geuza mashine nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Mashine inayokula wati 60 haiwezi kutoa wati 10,000 mfululizo. Hesabu haikubali.

2. Spika zifanane. Ya katikati iwe ya familia moja na za kushoto na kulia, la sivyo sauti ya mtu inabadilika akivuka skrini. Ukiuza spika peke yake, uliza amplifaya ya mteja inataka omu ngapi. Imeandikwa 8, usimpe ya 4, itachemka.

3. Njia ya sauti. Hapa ndipo wengi tunawaumiza wateja. Zile waya nyekundu na nyeupe zinabeba sauti mbili tu, kushoto na kulia. Kupata 5.1 kamili inatakiwa njia kama HDMI, mashine inayoisoma, na muvi yenyewe iwe imetengenezwa hivyo. Muulize mteja TV yake ina matundu gani, akupigie picha kwa nyuma. Kama anacheza muvi za sauti mbili kwa waya hizo, mwambie ukweli: spika mbili nzuri na sabufa moja zinamtosha. Utauza bei ndogo, lakini hatakupigia simu za lawama.

4. Pa kuiweka. Mwelekeze: mbele kabisa ya shelfu, chini au juu ya TV, iinamishwe ielekee masikio ya aliyekaa. Isiingizwe ndani ya kabati, isifunikwe kitambaa kizito. Ujumbe mfupi wa maelezo haya unaokoa mizigo mingi isirudi.

Najua mtasema mteja mwenyewe anataka mngurumo. Wa baa anautaka kweli, muuzie. Wa sebuleni muulize kwanza anaangalia nini, maana anayelalamika baadaye ni mama anayefuatilia tamthilia, na huyo ndiye anayekusema kwa majirani.

Ushauri wangu: video yako inayofuata isiwe ya muziki. Weka mtu anasoma habari, punguza sabufa, rekodi ukiwa umekaa kwenye kochi, mbali kama anavyokaa mteja. Maneno yakisikika vizuri hapo, posti kwa kujiamini. Yasiposikika, usiiagize tena hiyo, hata kama boksi lake linang'aa.

Wewe unayeuza spika, wateja wako wanarudisha kwa sababu gani? Tuambiane hapo chini.