Mbiu Si Baraza: Intaneti na Uteuzi wa Mgombea Urais

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakunena kwamba mbiu yenyewe ndiyo hukata shauri. Tofauti hiyo baina ya kuwaita watu na kuamua jambo husahaulika mno kila panapozungumziwa nafasi ya intaneti katika kampeni za urais. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa chama cha Democratic nchini Marekani mwaka 2008, ambapo Barack Obama, aliyekuwa amehudumu miaka mitatu tu katika Seneti ya taifa, alimshinda Hillary Clinton aliyedhaniwa na wengi kuwa tiketi ni yake. Hudaiwa kuwa intaneti ndiyo iliyomshindisha. Dai hilo ni nusu ya ukweli, na nusu inayoachwa ndiyo yenye funzo kwa vyama vya Kenya.

Kwanza, yafaa kuwapima wawaniaji wenyewe. Clinton alikuwa na tajriba: miaka minane katika Ikulu akiwa mke wa Rais, na useneta wa New York tangu 2001. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2002 aliupigia kura mswada ulioruhusu vita vya Iraq. John Edwards aliupigia kura vilevile, ila mwaka 2005 alikiri hadharani kuwa alikosea. Obama, ambaye mwezi huohuo wa Oktoba 2002 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois tu, alihutubia mkutano mjini Chicago akivipinga vita hivyo. Kuhusu bima ya afya, Clinton na Edwards walitaka kila raia ashurutishwe kuwa nayo, ilhali Obama alitaka sharti hilo liwahusu watoto pekee. Tofauti hizi zilikuwa za haki na zilistahili kupimwa.

Intaneti iliingiaje hapo? Ilianza kwa fedha. Sheria ya Marekani iliruhusu mtu mmoja kumchangia mwaniaji dola 2,300 pekee katika awamu ya mchujo. Wafadhili wakubwa wa Clinton walifikia kikomo hicho mapema, wasiweze kutoa tena. Naye akalazimika kuikopesha kampeni yake dola milioni 5 kutoka mfukoni mwake. Obama alitegemea zaidi umati wa watu waliotoa kidogo kidogo, na ambao wangeweza kurudi kutoa tena. Kati ya dola milioni 55 alizokusanya Februari 2008, takriban milioni 45 zilipitia kwenye intaneti. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba kilijaa kupitia tarakilishi.

Lakini iwapo intaneti peke yake hutoa ushindi, Howard Dean angalikuwa mgombea wa chama hichohicho mwaka 2004. Dean, gavana wa zamani wa Vermont, alitangulia kuitumia intaneti kukusanya michango na kuwakutanisha wafuasi, hata akawapita wapinzani wake kwa fedha. Kura za Iowa zilipopigwa Januari 19, 2004, alishika nafasi ya tatu nyuma ya John Kerry na Edwards. Mbiu ililia, watu wakasikia, lakini wachache mno ndio waliofika barazani.

Watu wa Obama walijifunza kutokana na kosa hilo. Tovuti yao haikuishia kusifu. Ilimwelekeza mfuasi mahali mkutano ulipo, jirani wa kumpigia simu, na siku ya kujitokeza. Ushahidi mzuri ni Februari 5, 2008. Katika jimbo dogo la Idaho, wafuasi wapatao elfu 21 walihudhuria mikutano ya mchujo, na Obama akapata wajumbe 15 dhidi ya 3 wa Clinton. Siku hiyohiyo, katika jimbo la New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walipiga kura, Clinton alishinda kwa wajumbe 59 dhidi ya 48. Kwa hivyo Obama alizidi kwa wajumbe 12 Idaho, naye Clinton kwa 11 tu New Jersey. Kanuni za chama ziligawa wajumbe kwa uwiano, na intaneti ikawafikisha watu mahali kanuni hizo zilipowapa uzito. Juni 7, 2008, Clinton alikubali kushindwa.

Ifahamike pia kwamba chombo kilichoita watu hakikuwasaidia sana kupima. Barua pepe za uongo kuhusu dini ya Obama zilisambaa kwa miezi mingi. Februari 2008, picha yake akiwa amevishwa mavazi ya wazee wa Kisomali alipozuru Wajir mwaka 2006 ilienezwa kwenye intaneti. Heshima ambayo Mkenya yeyote angeitambua ikafanywa kuwa tuhuma. Hoja ya bima ya afya, kwa upande wake, haikuenea kwa kasi kama picha hiyo. Hata hivyo, sheria ya afya aliyoitia sahihi Obama akiwa Rais mwaka 2010 iliwashurutisha watu wazima pia, kama alivyotaka mpinzani wake.

Hapa ndipo Kenya inapohusika. Mwaka 2007, wajumbe wa ODM walikutana Kasarani Septemba 1 na kuwapigia kura wawaniaji kadhaa, wakiwemo Raila Odinga, Musalia Mudavadi na William Ruto. Raila alishinda, lakini angalau palikuwa na shindano. Mwaka 2022, ODM ilimwidhinisha Raila na UDA ikamwidhinisha Ruto, kila mmoja bila mpinzani. Wakati huo kampeni zilikuwa zimetamalaki kwenye simu za vijana. Vijana hao waliombwa kusambaza, kupenda na kutetea. Hawakuombwa kuchagua nani awe mgombea. Vyama viliazima mbiu ya Marekani vikaacha baraza lake.

Wapo watakaosema kuwa kura za mchujo nchini huleta vurugu, kama ilivyoshuhudiwa katika uteuzi wa Aprili 2017. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mizani ikiharibika hutengenezwa. Muuzaji hawi na haki ya kukadiria nyama kwa jicho. Chama kinachotaka sauti za vijana kwenye intaneti kina wajibu wa kuwapa kwanza sajili safi ya wanachama na kura ya kumteua mgombea urais.

Nao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi yao. Lugha ya kampeni za intaneti nchini imejaa kaulimbiu na vijembe, na hoja za sera mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kisichomfikia mpiga kura wa kawaida. Kuzifafanua ahadi za wawaniaji kwa Kiswahili sanifu, moja kando ya nyingine, ni utafiti unaoweza kuanzia madarasani. Siku chama kitakapofungua baraza, watakaofika watahitaji maneno ya kupimia.