Sadaka ya Msanii Ihesabiwe

Miongoni mwa itikadi ambazo watu wengi wameziridhia pasipo kuzipima, hakuna iliyowadhulumu wenye sanaa kwa upole na kwa tabasamu kama hii isemayo kwamba kipaji ni karama ya Mwenyezi Mungu, na kwa kuwa msanii alikipata bure, hana budi kukitoa bure. Itikadi hii imevaa joho la ibada, na kwa sababu hiyo ni taabu kuipinga. Anayeipinga huonekana kana kwamba amekanusha neema ya Mola, au amewahesabia yatima tonge zao. Mimi naipinga, tena naipinga kwa ajili ya ibada yenyewe na kwa ajili ya yatima hao hao, kwani naamini ya kuwa sadaka isiyojulikana thamani yake haimpi heshima aliyeitoa, wala haimfunzi shukrani aliyeipokea.

Na tulitazame jambo lenyewe lilivyo hapa petu Sumbawanga. Panapokuwa na harambee ya kujenga bweni, au kununua magodoro ya watoto wasio na wazazi, kamati huwaandikia barua wafanyabiashara, watumishi na wakulima wenye uwezo, na siku hizi huwaandikia wasanii pia: mchora picha, mchonga vinyago, mama mfinyanzi. Katika shughuli moja ya namna hiyo iliyofanyika Malangali, nilipata kuliona daftari la mweka hazina, lililopigwa mistari kwa rula na wino wa buluu: jina la mtoaji, kitu alichotoa, idadi yake, na thamani yake kwa shilingi. Mwenye duka aliandikiwa mifuko yake ya saruji na thamani yake; mwenye mashine ya kusaga aliandikiwa magunia yake ya mahindi na thamani yake; hata trei za mayai zilizoletwa na akina mama wa jumuiya ziliandikwa kwa shilingi, bila kusahauliwa hata moja. Chini ya hayo yote paliandikwa "picha tatu na chungu kimoja", na mahali pa thamani pakapigwa kistari.

Mnada ulipofanywa, picha moja katika hizo tatu ilipanda bei hata ikaipita saruji ya mwenye duka, ukumbi ukapiga vigelegele, na fedha zile zikaingizwa daftarini kwa jina la mnunuzi. Basi mnunuzi aliondoka na vitu viwili, picha na sifa ya ukarimu. Na yule aliyeichora aliondoka na kistari.

Lakini lililonisikitisha zaidi ni mazungumzo yaliyotangulia mnada. Mshehereshaji alimwita kijana mchoraji mbele ya watu, akamwuliza kwa bashasha, "Kijana wetu, hebu tuambie, wazo la picha hii umelipata wapi?" Kijana akainamisha kichwa, akajibu, "Ni kipaji tu, mzee. Mungu amenijalia." Watu wakapiga makofi. Mama mfinyanzi naye akaitwa, akaulizwa swali lile lile, naye akajibu kwa utulivu wa mtu ambaye hajafundishwa kuionea haya kazi yake: "Mwanangu, wazo ni dogo. Udongo nauchimba mwenyewe, nautwanga, natoa mawe, nafinyanga, naanika kivulini, halafu nachoma. Motoni vingine vinapasuka. Hiki mnachokiona ndicho kilichopona." Watu wakacheka, mshehereshaji akaharakisha shughuli. Mimi nasema kwamba katika ukumbi ule mzima, mama yule peke yake ndiye aliyesema ilhamu ya fundi ni kitu gani.

Maana ilhamu haimwagiki kutoka mawinguni kama mvua ya masika juu ya mtu aliyelala. Elimu ya wachoraji wetu wakubwa yatosha kuwa ushahidi. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, ambaye mojawapo ya picha zake ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960, hakufika huko kwa kuota ndoto. Alisoma Makerere katika chuo cha sanaa alichokianzisha Bibi Margaret Trowell, kisha akaendelea na masomo London, na kutwa kucha akayachora mashamba, migomba na kazi za watu wake mpaka mkono ukatii jicho. Elimo Njau, naye mwana wa Makerere, alipopamba kanisa la Fort Hall, ambako leo huitwa Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliiweka hadithi ya Masihi tangu kuzaliwa hata kusulubiwa katika vilima na miti ya Wakikuyu, na watu wenye sura za Wakikuyu. Na neno hilo, lionekanalo sahali likisimuliwa, haliwezekani ila kwa mtu aliyekaa akavitazama vilima vile, akazitazama nyuso zile, akachora, akafuta, akachora tena. Kipaji kipo, wala sikikanushi. Walakini kipaji ni mbegu, na hakuna mkulima wa hapa petu Ufipa anayeambiwa kwamba mahindi yake hayana bei kwa sababu mbegu iliumbwa na Mungu.

Tena yafaa tukumbushane ya kuwa itikadi hii si urithi wetu. Wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa chuma, na malungu yao, yaani yale matanuru marefu ya udongo yaliyopata kimo cha mita 3 hivi, yalivuta hewa yenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyopangwa chini kulizunguka tanuru, pasipo mtu kuvukuta. Kisha chuma kile kikasafishwa upya katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe au shoka. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko mizito: fundi alikuwa na kikapu chake cha dawa, alijitenga na unyumba, na tanuru jipya lilifanyiwa matambiko kama mtu. Hakuna mchora picha wa leo anayeinasibisha kazi yake na mbingu kwa kadiri ambayo wazee wale waliinasibisha kazi yao na mizimu. Lakini je, yupo aliyemwendea fundi wa chuma akamwambia, "Madhali maarifa haya umepewa na mizimu, nipe jembe bure"? Jembe lilikuwa mali. Lilihesabiwa, likabadilishwa kwa vitu vingine, likasafirishwa kuuzwa mbali na nyumbani. Vivyo hivyo nguo za pamba zilizofumwa Ufipa na katika Bonde la Rukwa, ambazo wasafiri wa karne ya 19 waliziona na kuziandika, zilikuwa bidhaa yenye bei, ijapokuwa mfumaji alijifunza ufundi wake kwa babu yake na kuuita baraka.

Na mwisho wa mafundi wale unatufundisha zaidi kuliko mwanzo wao. Malungu hayakuzimika kwa sababu mizimu iliondoka. Yalizimika kwa kuwa majembe na vitambaa vya ng'ambo viliingia madukani kwa bei rahisi, na jasho la fundi wa nyumbani likakosa mtu wa kulilipa. Mikono iliyojua ikazeeka, wana hawakurithi, na leo mabaki ya matanuru yale yamesimama katika nyika na vilima vyetu, watafiti wakija kuyapima na kuyapiga picha. Kikapu cha dawa hakikuyaokoa. Basi ikiwa ufundi uliotukuzwa kiasi kile ulikufa ulipokosa ujira, seuze sanaa ya kijana wa Malangali anayenunua rangi ya mafuta ile ile ipakwayo milango, na kipande cha hadibodi, kwa fedha aliyoipata kwa kuandika vibao vya maduka ya watu?

Najua majibu nitakayopewa, na yanastahili kujibiwa kwa insafu.

La kwanza watasema: sadaka haihesabiwi, mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na mkono wa kulia. Mafundisho hayo yamo katika Injili na yamo katika hadithi za Mtume, nami nayaheshimu yote mawili. Lakini tuyasome kwa makini. Yamemwamrisha mtoaji asijitangaze. Hayakumpa ruhusa mpokeaji asahau. Kuificha sadaka ni adabu ya anayetoa; kuijua, kuitaja na kuishukuru ni wajibu wa anayepokea, na ukiuhamisha wajibu huo ukaufanya adabu, umeigeuza dini kuwa kichaka cha kujifichia. Fauka ya hayo, mbona saruji ilihesabiwa?

La pili watasema: msanii hujulikana, na kujulikana ni malipo. Ningelikubali neno hili kama lingelikuwa kanuni ya watu wote. Hatumwambii mwenye lori atubebee mawe bure ili lori lake lijulikane, wala hatumwambii fundi mwashi ajenge bweni bure ili mikono yake ionekane. Tukimwambia, atacheka na kwenda zake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hapa petu tumeigeuza hekima hiyo kichwa chini miguu juu, hata mcheza kwao amekuwa ndiye wa kwanza kuombwa na wa mwisho kukumbukwa. Katika taarabu ya pwani, mwimbaji anayejulikana mji mzima hutuzwa vilevile, mtu huinuka kitini akaenda kumtunza mbele ya hadhara, na hakuna anayeona kwamba tuzo hiyo imepunguza utamu wa sauti yake.

La tatu, watasema kwamba haya yote yatawanyima wahitaji. Kinyume chake ndiyo kweli, na mfano tunao katika nchi yetu. Mwaka 1972 mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na hisani yake haikuwa ya kuwaomba wasanii watoe. Ilikuwa ya kuwapa vijana wasio na kazi nafasi, vifaa, mafunzo na soko. Katika nyumba hiyo aliingia Mmakonde mmoja kutoka kusini, George Lilanga, akiwa mlinzi wa usiku. Akapata vifaa na nafasi, na ilipofika mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington, kisha zikatawanyika ulimwenguni. Na Lilanga huyo, ambaye sifa zake zilivuka bahari, aliugua kisukari hata akakatwa miguu, akaendelea na kazi hivyo hivyo mpaka alipofariki mwaka 2005. Nalitaja jambo hili kwa kuwa liko wazi: msanii naye huugua, naye huwa mhitaji, naye ana watoto, na hisani inayomkamua fundi mzima leo, kesho itakuwa na mgonjwa mmoja zaidi wa kumchangia.

Kwa hiyo sisemi wasanii wasitoe. Msanii anayetoa kazi yake kwa ajili ya mtoto asiye na godoro amefanya tendo tukufu, na ni kwa sababu ya utukufu wake kwamba nataka lifanyiwe haki. Nataka mambo manne, na hakuna hata moja lililo zito.

Kamati imwulize msanii thamani ya kazi yake kabla ya mnada, iandike daftarini kwa shilingi kama saruji ilivyoandikwa, na ziada ikipatikana mnadani, jina lake litajwe pamoja na jina la mnunuzi. Gharama ya rangi, ubao, kuni na udongo arudishiwe kutoka katika mapato, ili sadaka yake iwe ni ufundi wake, isiwe ni chakula cha nyumbani kwake. Kazi yake isichapishwe katika kalenda, kadi wala fulana bila ya idhini yake, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeweka bayana haki za mtunzi, na aliyepewa picha amepewa picha, hakupewa ruhusa ya kuizalisha kwa maelfu. Na la nne, wale wote waliopiga vigelegele ukumbini, wenye sebule zilizotundikwa mandhari za theluji zilizochapwa ng'ambo, wanunue walau mara moja kazi ya mtu wa mji wao, siku isiyo ya harambee, kwa bei anayoitaja mwenyewe.

Na ninyi wasanii, nina neno nanyi. Mtakapoulizwa tena mbele ya watu ilhamu yenu imetoka wapi, msiinamishe vichwa. Mshukuruni Mungu, kwani shukrani ni haki yake, kisha mtajeni mwalimu aliyewafundisha kushika brashi, taja wewe mchoraji mbao ulizoziharibu kabla ya hii moja kufaa, taja asubuhi za kipupwe cha Ufipa ulipokaa nje na vidole vimekufa ganzi ukingoja mwanga ukae sawa juu ya Milima ya Mbizi. Semeni kama mama yule mfinyanzi. Kwa kusema "ni kipaji tu" mnamtia mshehereshaji maneno kinywani, na mnamtia mweka hazina kistari mkononi.

Mji unaotaka ukarimu wa wasanii wake hauna budi kwanza kuwawezesha kuwa na kitu cha kutoa. Kamati itakayoketi kuandika barua za harambee ijayo na ianzie kwenye daftari lake: ikiwa ina nafasi ya kuandika thamani ya mfuko wa saruji, ina nafasi ya kuandika thamani ya picha, na kama haiko tayari kuiandika, basi isiiombe.