BILA MNUNUZI HAKUNA MWIZI WA WAYA



Tumezoea kusema eti simu ya mkononi haina waya. Haina waya mkononi mwetu tu. Pale mnarani shaba ipo: kwenye nyaya za umeme, kwenye kebo za koaksia zinazofika kwenye antena, na kwenye waya wa kupeleka radi ardhini.

Kebo ya koaksia tunaifahamu, maana ile ya antena ya televisheni ni ya ukoo huo. Katikati pana uzi wa shaba au uliopakwa shaba, juu yake plastiki, halafu wavu wa waya, mwisho gamba. Uzi na wavu hubeba mawimbi kwa pamoja, na wavu huzuia makelele ya nje yasiingie. Ikikatwa mahali pamoja tu, kebo nzima imekufa. Waya wa radi ukiibwa ni hatari zaidi, kwa sababu leo simu zitaita kama kawaida. Tutajua siku radi itakapounguza mitambo, na huku kwetu Kagera radi si mgeni.

Mwizi huuza kwa kilo. Anachopata ni hela ya siku mbili tatu. Hasara yetu haipimwi kwa kilo: fedha iliyotumwa kwa simu haitoki, na mama mwenye uchungu usiku hana wa kumpigia alete gari. Wengine hukata hata kebo za Mkongo wa Taifa wakidhani ni shaba, kumbe ndani ni nyuzi za kioo. Hazina mnunuzi, wanatuharibia bure.

Jamani, tusimlaumu kijana mwenye koleo peke yake. Anayepima shaba bila kuuliza imetoka wapi ni mwizi mwenzake, tena ndiye anayekula zaidi. Na sisi tunaoona tukanyamaza, tunamshikia gunia.

Tunapendekeza mkutano ujao uamue hivi: mnunuzi wa chuma chakavu akiingia Rugera aanzie ofisi ya kijiji, na shaba isiyojulikana mwenyewe isipimwe. Aidha, ukikuta waya umekatwa usiuguse, huenda una umeme. Zuia watoto wasisogee, kisha mwarifu mwenyekiti wa kitongoji.

Mnara hauna askari kila saa. Askari wake ni sisi.