Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kina Kofia

Upo msemo unaopendwa sana siku hizi, nao ni huu: "Ajali haina kinga." Mtu akianguka na pikipiki, akivunjika mguu au akifa, waliokusanyika hutikisa vichwa, wakausema msemo huo, kisha kila mmoja akashika njia yake. Kesho yake, barabara ile ile, wanafunzi watatu hupakiwa mshikaki bila kofia hata moja. Nia yangu katika makala hii ni kuonyesha kwamba msemo huo twautumia mahali pasipoufaa. Huenda ajali yenyewe isiwe na kinga. Lakini majeraha yake mengi kinga yanayo, na kinga hiyo imo mikononi mwetu.

Msidhani kwamba naichukia bodaboda. Hapana. Bodaboda humfikisha mama mjamzito zahanati usiku wa manane, hupita njia ambazo basi haliwezi, na imewapa riziki vijana wengi waliomaliza shule. Wenzetu wakaao mbali huwahi darasani kwa sababu yake. Lakini chombo chenye faida kubwa namna hii yafaa tuijue vyema na hatari yake. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Rika hilo ndilo letu sisi.

Tuanze na somo la fizikia. Aliye ndani ya gari ana bati, kiti na mkanda wa kumzuia. Aliye juu ya pikipiki hana kitu kati ya mwili wake na barabara. Pikipiki ikigonga kitu na kusimama ghafula, yeye hasimami. Huendelea na mwendo ule ule mpaka akutane na lami, ukuta au gari. Ukipiga hesabu utaona kwamba kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Mwendo ukiwa kilomita 60, mnazi huo huwa wa mita 14. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga huongezeka mara nne. Ni nani mwenye akili timamu atakayejitupa kutoka juu ya mnazi eti kwa kuwa ana haraka ya kufika sokoni?

Sasa tuyatazame majeraha yenyewe. La kwanza kwa ubaya ni la kichwa. Ubongo ni kitu laini kilichowekwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikipiga lami, ubongo nao hujipiga kwenye fuvu; au mshipa hukatika, damu ikajaa mahali pasipo na nafasi. Iko hali moja yenye kudanganya sana. Majeruhi huzimia kidogo, akaamka, akazungumza na watu na kusema, "Mimi mzima." Baada ya saa chache kichwa humuuma, hutapika, kisha hulala usingizi asioamka tena. Basi kila aliyezimia baada ya kuanguka sharti apelekwe hospitali, hata kama anacheka.

Habari ya kofia ngumu ina historia yenye mafunzo. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, alikuwa akiendesha pikipiki huko kwao Uingereza. Alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka na kuumia kichwa, wala hakuwa na kofia ngumu. Alikufa baada ya siku 6. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Bwana huyo hakuridhika na kutikisa kichwa. Alichunguza majeraha ya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona juu ya faida ya kofia. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru tarishi wake wa pikipiki wavae kofia ngumu, na mwaka 1973 amri hiyo ikawa sheria ya wapanda pikipiki wote nchini humo. Mwaka 2008 wataalamu waliolinganisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikadiria kwamba kofia humpunguzia mpanda pikipiki apataye ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Jeraha la pili ni la mguu. Mfupa wa muundi umefunikwa na ngozi nyembamba tu upande wa mbele. Ukivunjika kwa kishindo hutoboa ngozi na kukutana na udongo wa barabarani. Hapo huingia vijidudu, usaha hufuata, na mgonjwa huweza kukaa miezi mingi na vyuma mguuni. Wengine hukatwa mguu kabisa. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja au zaidi yaweza kuvujia ndani ya nyama pasipo tone moja kuonekana nje.

La tatu ni la shingo na uti wa mgongo. Mfupa uliovunjika huweza kuunga, lakini uti wa mgongo ukikatika hauungi. Kijana aliyekuwa akicheza mpira jana huwa mtu wa kusukumwa katika kiti maisha yake yote. Hata aangukiaye bega huweza kukatika mishipa ya fahamu itokayo shingoni, mkono ukabaki unaning'inia.

Kutokana na hayo twajifunza jambo moja kubwa. Kichwa hulindwa na kofia, lakini mguu na uti wa mgongo havina kofia. Hivyo hulindwa na mwendo wa polepole. Ndiyo maana si haki kumlaumu dereva peke yake. Abiria asemaye, "Kaka, kimbiza, nimechelewa," ndiye anayeuongeza urefu wa mnazi. Aondoke nyumbani mapema, na akimwona dereva anakimbiza, amwambie kwa adabu apunguze mwendo, au ashuke.

Wako watakaosema kwamba kofia ya abiria inanuka jasho la watu wengi. Neno hilo ni kweli, wala silidharau. Lakini dawa yake si kwenda kichwa wazi. Mwanafunzi apandaye bodaboda kila siku awe na kofia yake mwenyewe, kama alivyo na viatu vyake vya shule. Wengine watasema ni ghali. Nawauliza wazazi wetu kwa heshima: je, gharama yake yalingana na nauli ya kwenda na kurudi Muhimbili, na kitanda cha wodini, na mwaka wa masomo uliopotea? Wengine husema, "Ni hapa karibu tu." Lami ya karibu na nyumbani si laini kuliko ya mbali. Na kofia isiyofungwa kamba chini ya kidevu huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Natoa mapendekezo matatu. Kwanza, wazazi wanaomlipa dereva kwa mwezi wampe masharti: mwanafunzi mmoja kwa safari moja, kofia imefungwa, mwendo wa taratibu. Pili, walimu wetu waturuhusu kutengeneza rafu ya kuhifadhia kofia karibu na lango. Fundi seremala tunao humu humu shuleni. Tatu, chama chetu cha Skauti kifundishe huduma ya kwanza: tusimkunje majeruhi na kumpakia juu ya pikipiki nyingine, tusiurudishe ndani mfupa uliotokeza, tumshike kichwa na shingo visigeuke, na damu tuigandamize kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.

Mambo hayo hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka mbali. Yahitaji wazazi, walimu na wanafunzi wakubaliane. Tukiyatimiza yote na ajali ikatokea hata hivyo, hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba haikuwa na kinga.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne