MWALIMU WA KWANZA ASIELEMEWE

Mtoto haanzi kufunzwa siku anapotiwa skuli. Afikapo mlango wa darasa tayari ameshafunzwa kusema, kuhesabu vidole na kuwaamkia wakubwa. Mwalimu wake wa kwanza ni mzazi, na kazi hiyo haina mshahara wala likizo.

Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila ya malipo, tarehe 23 Septemba 1964, mlango wa skuli umekuwa wazi kwa mtoto wa mnyonge. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini mwezi Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa maradhi ya korona na kila nyumba ikatakiwa iwe darasa, ilidhihirika jinsi kazi ya kulisha na kazi ya kufundisha zinavyogombania saa zile zile.

Natumtazame mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani. Saa yake ni bahari. Siku za bamvua, maji yakitoka, hana budi kushuka kwenye kamba zake. Akichelewa, maji yamejaa na riziki imekwenda. Nani abaki na mwana wa miaka minne? Mara nyingi ni dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo huikosa skuli. Kwa kumlea mmoja, tunampoteza mwengine.

Hatukubali kwamba dawa ni mama kuiacha kazi. Dawa ni kugawana. Siku za maji mafu mama akae na mwanawe, wahesabu mafundo ya kamba, wataje majina ya samaki na ya pepo. Siku za bamvua zamu iwe ya baba. Asiseme kwamba ulezi ni wa wanawake. Dini haikumsamehe wajibu huo.

Viongozi nao wana fungu lao. Masheha wawajue watoto waliobaki majumbani na waliozuiwa skuli ili walee wadogo zao. Wahusika wa Serikali wazisaidie shehia za pwani kupata banda la kivuli na mlezi anayelipwa, hasa kwa siku za bamvua. Na wakuu wa ofisi za mjini wakumbuke kuwa karani wao naye ni mzazi.

Udongo uwahi ungali maji. Bahari haimsubiri mama, na utoto haumsubiri mtu.